Suruali ya Mwalimu Hoja

"Endelea," mke wa fundi alisema bila kuinua macho. "Na usiruke yale magumu."

Fundi alikuwa na vikaratasi mkono wa kushoto na kaptura ya shule mkono wa kulia, mguu ungali juu ya pedali ya cherehani. Vikaratasi vyenyewe vilikatwa kutoka kwenye karatasi zake za kaki, zile anazochorea kola na mifuko kabla ya kukata kitambaa. Kila kimoja kilikuwa na neno moja tu. Maelezo yake mkewe alitakiwa kuwa nayo kichwani.

"Dai," akasoma.

"Jambo ambalo mwandishi anataka msomaji alikubali. Mfano, kila mtaa uwe na maktaba."

"Ushahidi."

"Kinacholishikilia dai lisianguke. Hesabu zilizofanywa, tukio lililotokea, maneno ya mtu anayelijua jambo. Mwalimu anasema dai bila ushahidi ni koti lisilo na mabega." Akatabasamu, sindano ikiwa imesimama hewani. "Alisema hivyo akinitazama mimi, kwa vile anajua nakaa na fundi. Darasa zima likacheka."

Fundi alikanyaga pedali. Cherehani ikanguruma kwa urefu wa mshono mmoja, ikanyamaza.

"Hadhira."

"Wale ambao mwandishi anasema nao. Mwalimu anasema ukiandikia..."

"Hapa pameandikwa hadhira tu. Hapajaandikwa mwalimu."

"Sawa, fundi. Wale ambao mwandishi anasema nao. Nipe jingine."

Kaptura zilikuwa rundo kati yao, za buluu iliyoiva, maana shule zilikaribia kufunguliwa. Ndivyo walivyofanya kazi tangu waoane: yeye hukata na kupiga cherehani, mkewe hutoboa matundu ya vifungo na kushona mapindo kwa mkono, kisha huigeuza kila nguo ndani nje na kukata nyuzi. Hakuna nguo iliyowahi kutoka chumba kile cha mbele bila kupita mikononi mwake. Na katika kupokezana huko ndimo yalimokuwa maongezi yao. Nani amenenepa na hataki kusema, nani kaleta gauni lipanuliwe huku akiapa kuwa limenywea kwa kufuliwa. Walicheka mpaka mkewe akajichoma sindano, ingawa kidole kilikuwa na kastabini.

Siku hizi mkewe alikuwa na mahali pengine pa kuchekea. Aliacha shule mwaka wa mwisho, mimba ya mtoto wao wa kwanza ikiwa tumboni, na sasa anasoma darasa la jioni la watu wazima, amejiandikisha kufanya ule mtihani alioukimbia. Zahanati anakofanya usafi asubuhi walimwambia akifaulu watamweka dawati la mapokezi. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia jiandikishe, na jambo hilo lilizidi kumuuma, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumlaumu.

"Upendeleo," akasoma.

"Mwandishi anapoelemea upande mmoja hata asiuone wa pili. Anachagua yale yanayomfaa, mengine anayafunika."

"Na huyo mwalimu wako amesema chakula cha jioni kitapikwa na nani?"

Alitaka iwe utani. Mkewe alicheka kweli, akaweka kaptura chini.

"Hilo ni swali la balagha. Umeuliza bila kutaka jibu, unataka tu nijisikie vibaya. Hata hilo tumefundishwa." Akainuka, akajipangusa nyuzi mapajani. "Chakula kipo kwenye sufuria, pasha moto tu."

Alipotoka chumbani alikuwa amevaa gauni la zambarau. Fundi alilishona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya shemeji yake, na tangu harusi ile halikuwa limetoka sandukuni.

"Hilo la darasani?" akauliza.

"Mengine yamelowa. Nimefua asubuhi." Akachukua vikaratasi mezani, akaenda.

Fundi alichungulia uani. Kamba ilikuwa imejaa nguo mbichi. Akaziangalia kwa muda, moja moja, kama mtu anayetafuta iliyokauka.

*

Jirani yao wa mkono wa kulia alikuwa mshona viatu, na watu walimwita Redio kwa sababu ya wazi. Alikaa kibarazani kutwa nzima, kiatu kimevikwa kwenye chuma, na hakuna aliyepita barabarani asitangazwe.

"Shemeji jana kapendeza," Redio alimwambia fundi alipotoka kumwaga takataka. "Nikajiuliza, sherehe wapi, mbona mimi sijaalikwa."

"Alikuwa darasani."

"Najua. Nilimwona akirudi." Akapiga msumari. "Siku hizi shemeji anaongea kama gazeti, bwana. Nilimwambia gundi imepanda bei kwa sababu ya serikali, akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia watu wote wanasema. Akasema watu wote si chanzo." Redio akacheka peke yake. "Alikuwa na yule mwalimu wake, Mwalimu Hoja. Wanatembea pole pole, wanacheka. Sijui mwalimu alikuwa anamwambia nini, lakini lilikuwa tamu."

"Walikuwa wawili?"

"Mimi niliwaona wawili. Kama wengine walikuwa nyuma, sikutazama nyuma."

Fundi alirudi ndani na ndoo tupu. Siku ile alishona mfuko wa kaptura juu chini, akaufumua, akaushona tena juu chini.

*

Alimsubiri mkewe mlangoni jioni hiyo, na kabla hajavua viatu akamwambia, "Nimefikiri. Hilo darasa sasa basi."

"Mtihani wiki ijayo."

"Ndiyo maana. Umeshajua ya kutosha."

Mkewe akaweka mkoba kwenye kiti cha wateja. Uso wake ulikuwa bado na ile raha ya kutoka nje, ikawa inamtoka pole pole. "Kwa sababu gani?"

Fundi alikuwa amejiandaa. Kutwa nzima alikuwa amejipangia maneno, na kwa kuwa maneno ya vikaratasi alikuwa ameyasoma mara nyingi kuliko alivyotaka, aliyachukua yale yale. "Dai langu ni hili. Mwanamke mwenye mji wake hana la kucheka barabarani na mwanamume."

Mkewe alimtazama kidogo. "Ushahidi?"

"Umeonekana."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Redio."

Hapo mkewe akashindwa, akacheka. "Redio. Haya. Redio aliniona nikicheka, na ni kweli nilicheka. Hilo limetokea. Hayo mengine uliyoyaweka juu yake ni maoni. Halafu tulikuwa sita, baba watoto. Wale wengine walisimama kununua vocha."

Jina la fundi alimwita akiwa na furaha naye. Baba watoto lilikuwa jina la siku mbaya.

"Usinisahihishe," akasema.

"Wewe ndiye uliyeanza kwa kusema dai langu ni hili."

"Nasema usinisahihishe nyumbani kwangu. Mtu mwenyewe nasikia suruali imetoka rangi magotini, anazunguka na chaki mfukoni, eti anafundisha watu wazima maana ya maneno waliyozaliwa nayo. Angekuwa na maana angekuwa anafundisha chuo."

"Sasa umeiacha hoja umemshika mtu," mkewe alisema taratibu. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anavyomwambia kuwa tundu hili liko kombo, na kwa hiyo likamwingia zaidi. Fundi alijiona amerudishiwa daftari lenye wino mwekundu, mbele ya cherehani yake mwenyewe.

Sufuria ilichemka jikoni na hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Sikiliza," mkewe akasema. "Sitaki tugombane. Nipe sababu moja, ile ya kweli iliyo moyoni. Ukinipa, nitakaa nyumbani, mtihani nitauacha, sitakulaumu. Lakini iwe ya kweli. Ukishindwa, nakwenda mpaka mwisho."

Sababu ilikuwa mbele yake, na kuisema kulitaka maneno matatu tu, kama si mawili. Fundi akafungua mdomo. Akageuka, akashika kaptura iliyokuwa juu ya rundo.

"Nitakupa," akasema. "Ngoja nimalize hizi kaptura."

*

Mwalimu Hoja alikuja mwenyewe, asubuhi, mkewe akiwa zahanati. Alibeba kifurushi kwapani, akapiga hodi mara mbili ijapokuwa mlango ulikuwa wazi.

Fundi alikuwa amemjenga akilini mtu mrefu, mwenye kifua na sauti. Aliyeingia alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mabega yameanguka, miwani imefungwa kwa waya upande mmoja. Badala ya kupata nafuu, fundi aliumia zaidi. Mtu mzuri wa sura angeeleweka. Huyu hakuwa na kitu cha kumpa mwanamke ila maneno.

"Fundi, kaka yangu, niokoe," mwalimu alisema akifungua kifurushi. Kilikuwa kitambaa cha kijivu, kizito, cha bei. "Nimeitwa kwenye usaili Jumatatu. Wanatafuta mkaguzi wa elimu ya watu wazima. Miaka mingi naomba, ndiyo mara ya kwanza naitwa. Siwezi kwenda na hizi." Akajitazama magoti, akacheka.

"Jumamosi itakuwa tayari," fundi alisema, maana ulimi wa fundi huahidi kabla ya kichwa. Akachukua tepu.

Alimpima kiuno. Mwalimu alivuta tumbo ndani.

"Pumua, mwalimu. Suruali haitaki uongo."

"Ah, kumbe maneno mazuri yanatoka hapa," mwalimu akasema, akapumua. "Mkeo ananifundishia darasa, ujue. Juzi tulikuwa kwenye hoja pinzani. Kwamba ukiandika upande wako, lazima umpe nafasi yule asiyekubaliana nawe, umjibu kwa heshima. Hawakunielewa. Mkeo akanyoosha mkono, akasema mume wangu akikata suruali haikati mwisho wa kipimo, huacha akiba ndani ya mshono, kwa sababu anajua mtu anaweza kuwa tofauti na alivyompima. Wakaelewa hapo hapo. Sasa naitumia kila mahali, na sijakulipa."

Fundi alikuwa amepiga magoti anapima urefu wa mguu. Mtu mwingine angeyasikia maneno yale akavimba kichwa. Yeye alisikia kwamba mambo ya chumba kile, aliyomfundisha mkewe kwa mkono wake, akamshika vidole juu ya chaki walipokuwa wangali wachumba, yamepelekwa huko na kuchekewa na watu asiowajua. Roho ilimchoma hadi namba kwenye tepu zikamchezea.

"Urefu huu unatosha?" akauliza.

"Wewe ndiye fundi. Mimi nakuamini."

Alipoondoka, fundi alitandaza kitambaa kwenye meza ya kukatia, akachora. Mstari wa kwanza ni wa mshono. Nje yake huja mstari wa pili, upana wa vidole viwili, na mkasi hupita kwenye ule wa pili. Amekata hivyo maisha yake yote. Mikono yake ingekata hivyo hata akiwa na homa.

Alichora wote. Akashika mkasi, akaupeleka kwenye mstari wa kwanza.

Hatuwezi kusema mkono ulipotea. Kabla makali hayajafunga alikuwa ameshajua, na yalipofunga alikata mpaka mwisho, taratibu, kwa unadhifu, miguu yote miwili. Alimwona mwalimu mbele ya wale wakubwa, anakaa kitini, kifungo kinaruka, vifundo vya miguu viko nje. Alicheka kidogo puani. Kisha akaacha kucheka, akaokota vile vipande vyembamba vilivyoanguka, akavisukuma chini kabisa ya kikapu cha matambara. Akaishona suruali hadi jioni. Zipu ilikaa vizuri, mifuko ilikaa vizuri. Akaiweka kwenye rundo la mkewe.

*

Ijumaa jua lilikuwa linashuka, mkewe amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango ili apate mwanga. Alikuwa amemaliza kaptura ya mwisho. Akaivuta suruali ya kijivu, akaishika miguuni ili akunje pindo.

Fundi alikuwa anatia mafuta cherehani. Hakumtazama, lakini alijua kila alichokifanya, kwa sauti. Alisikia kitambaa kikikunjwa, kikikunjuliwa, kikikunjwa tena. Halafu alisikia suruali ikigeuzwa ndani nje.

"Baba watoto. Njoo."

"Nina mafuta mikononi."

"Njoo hivyo hivyo."

Akaenda. Mkewe alikuwa ameitandaza magotini, kidole kikipita kwenye mshono wa pembeni, chini, juu, kwenye kiuno.

"Pindo halipo," akasema. "Akiba haipo. Hapa pamebaki upana wa uzi mmoja tu nje ya mshono, akiinama itaachia. Hii ya nani?"

"Ya mwalimu wako."

"Alileta kitambaa kidogo?"

"Kidogo sana."

Mkewe akainuka. Akaenda kwenye kikapu cha matambara, akazamisha mkono hadi kwapani kama anayetafuta punje ndani ya gunia, akatoa vipande vya kijivu, virefu, vyembamba, upana wa vidole viwili. Akaviweka juu ya meza, kimoja baada ya kimoja, pembeni ya suruali. Vilikuwa na umbo la mguu wa mtu.

Hakupiga kelele. Fundi aliomba moyoni apige kelele, apate na yeye la kujibu.

"Niliomba sababu," akasema. "Siku zote hizi nasubiri. Nikasema labda nimemkosea, labda anaumwa, labda kuna jambo la watoto huko kwa bibi yao. Kumbe umeshaniandikia hapa."

"Mke wangu..."

"Siku moja darasani nilikusema wewe. Waliposhindwa kuelewa maana ya kumfikiria mtu mwingine, niliona aibu kukutaja, nikakutaja." Sauti yake ilipanda kidogo, akaishusha. "Sasa Jumatatu watu watamtazama, wataniuliza mumeo ndiye huyu?"

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja. Ilikuwa mara ya kwanza kukikalia; kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani, na mtu akikikalia lazima amtazame aliyesimama kutoka chini.

"Nina wivu," akasema.

Mkewe akangoja.

"Ndiyo hiyo sababu. Ulisema moja. Si kwamba nadhani mna jambo. Ningedhani hivyo ningejua la kufanya, ningekwenda kumkunja shati tuyamalize. Mimi nakuuliza yale maneno, unanijibu, na kila ukijibu naona unakwenda mbali. Unacheka na watu nisiowajua. Ukirudi hapa unatoboa matundu." Akafuta mikono kwenye kitambaa, mafuta hayakutoka. "Nilifikiri ukipata hilo dawati, utakuja nyumbani utaniona mimi ni yule mtu anayeshona kaptura."

"Wewe ni mtu anayeshona kaptura."

"Najua."

"Nimeolewa naye nikijua."

Mkewe alikaa tena kwenye kigoda, suruali mapajani. Nyundo ya Redio ilisikika ukutani. Fundi aliona ni lazima aseme lililobaki, maana makubaliano ni makubaliano.

"Umesema nikikupa ya kweli utakaa nyumbani."

"Nilisema."

"Basi?"

Mkewe alikuwa ameshika kipande kimoja cha kijivu, anakizungusha kidoleni. Fundi aliona kwamba angekaa. Aliona wazi kabisa: angekaa, angetimiza neno lake, asingemlaumu hata siku moja, na chumba hiki kisingesikia kicheko tena. Alikuwa ameshinda. Hakuwahi kushinda kitu kinachotisha namna ile.

"Usinijibu," akasema haraka. "Nenda. Nenda mtihani. Bado naona wivu, sikudanganyi, haujatoka na sijui utatoka lini. Lakini nenda."

Mkewe hakusema asante. Alivuta pua, akaichukua suruali, akaipeleka kwenye mwanga. "Tutaongeza vipande hivi pembeni?"

Fundi akasogea, akaangalia. Alifurahi kuulizwa swali analolijua. "Itaonekana mistari miwili mirefu kila upande. Atakuwa kama mpiga tarumbeta."

Kona ya mdomo wa mkewe ilitikisika, akaizuia. Hakuwa tayari kumpa kicheko, na fundi hakudai.

"Ni kununua kingine," akasema fundi. "Duka limefungwa saa hizi. Kesho mapema nakwenda, kama rangi ipo. Nikikata asubuhi, jioni anavaa. Zipu na mifuko nitavitoa humu."

"Na yeye kesho mchana anakuja kuchukua."

"Ataikuta haijaisha."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia kitambaa kimeharibika."

Mkewe akavisogeza vile vipande vya kijivu mbele yake.

"Nitamwambia nimekiharibu," fundi akarekebisha.

"Atauliza kwa nini. Yule lazima aulize, ndiyo kazi yake."

Fundi akachukua kisu kidogo cha kufumulia, akakaa upande wa pili wa meza, akauvuta mguu mmoja wa suruali upande wake. Mkewe akaushika mwingine. Walianza kufumua, kila mtu kutoka kwake, uzi ukikatika kwa vilio vidogo. Mshono ulikuwa imara. Alikuwa ameushona vizuri ajabu kwa kitu alichotaka kiachie.

"Nikimwambia ukweli wote atanicheka," akasema.

"Pengine. Au atanyamaza, mkose pa kutazama."

"Bora anicheke."

Giza lilikuwa linaingia mlangoni na mkewe alikuwa anaileta kazi karibu zaidi na macho. Mguu wake ulikuwa umefunguka hadi gotini. Wa fundi ulikuwa nyuma. Kwenye kiuno, penye zipu, hawakuwa wamegusa.

"Acha hapo," mkewe akasema, akachomeka sindano kwenye kitambaa ili asipoteze mahali. "Hatuoni tena, tutachana mifuko. Kesho utaamka nayo."

"Mwalimu," fundi alisema polepole, akijaribu maneno kama mtu anayejaribu kiatu, "nimekata kitambaa chako vibaya, na nilikuwa nakusudia."

Mkewe alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Kwa sababu," akamwambia.

"Kwa sababu," fundi akarudia, na hakuweza kufika mbele zaidi.

"Hiyo nayo kesho," mkewe akasema, akaenda kuwasha jiko.